Mistari Miwili Niliyoiongeza

Mfaranyaki, Songea
Alhamisi, saa tisa alasiri

Kwako Editha,

Hapa dukani watu wote ni wazima, mgonjwa ni umeme tu. Umekatika tangu saa nne asubuhi na jenereta nimekataa kuiwasha, kwa hiyo nimeitoa taipureta chini ya meza, nimeipangusa vumbi, na ndiyo inayokuandikia. Utepe umekauka kidogo. Ukiona herufi imefifia usidhani nimelia juu ya karatasi, ni utepe.

Wewe uko Hanga unamuaga shangazi yako, na mpaka urudi itakuwa saa kumi na mbili. Nina saa tatu. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar es Salaam, na mambo ya sweta, ya kutompa mtu begi akushikie, ya kula kitu ukifika Makambako, nayaacha yote. Shangazi yako ameshayasema tangu juzi kwenye simu, na yaliyobaki anayamalizia huko sasa hivi. Mimi nina neno moja ambalo nimelizungusha mdomoni wiki tano, na kila nikitaka kulisema nalipunguza makali. Naujua mdomo wangu. Taipureta haina namna ya kufuta, kinachopigwa kimepigwa.

Neno lenyewe ni hili: ukurasa wako wa kwaya, ule wa kompyuta, siku ile ukumbini, haukuwa na kosa. Niliuharibu mimi kwa mikono yangu, kisha nikakutupia lawama wewe mbele za watu.

Haya, nimelisema. Nimesimama kidogo nikanywa maji, nimerudi. Usiniulize nimejisikiaje, nimejisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Sasa nikueleze vizuri, maana nusu unaijua na nusu huijui.

Nianze mbali kidogo. Unajua kwamba nilipiga chapa ofisi ya ushirika miaka kumi na miwili, wewe hujazaliwa. Kisichokuwa kwenye hadithi zangu ni meneja wetu na lile tangazo. Aliniandikia kwa mkono wake kwamba mkutano wa wakulima ni Jumanne. Nikapiga Jumanne, kopi kumi na tano kwa kaboni. Mkutano ulikuwa Jumatano. Watu walikuja kutoka vijijini kwa miguu, wengine walilala njiani, wakakuta ukumbi umefungwa na mgeni hajafika. Meneja akasimama barazani akawaambia, mimi nikiwa pale pale mlangoni, kwamba huyu mpiga chapa wetu siku hizi hasikii vizuri. Watu wakanigeukia. Kikaratasi chenye mwandiko wake kilikuwa kwenye droo yangu, hatua nne tu, na sikwenda kukichukua.

Jioni nilimwambia baba yako kwamba katika maisha yangu sitamtwisha mtu wa chini yangu kosa langu. Marehemu hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniambia tu sawa. Kiapo hicho nilikishika miaka mingi bila taabu yoyote, na nilijisifu sana moyoni. Sikuona kwamba nilikishika kwa sababu hapakuwa na mtu wa chini yangu.

Kisha zikaja enzi za ruksa, za biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ushirika ukakonda mpaka ofisi ikafungwa, samani zikauzwa, nikainunua taipureta yangu mwenyewe niliyokuwa nimeipiga miaka yote ile. Nikakaa nayo kwenye baraza la duka la vitenge hapa Mfaranyaki. Barua za kuomba kazi, barua za kuomba ruhusa, mashairi ya wachumba, yote yalipita vidoleni mwangu. Ikaja kompyuta ya kwanza, ikaja ya pili, wakaja na mtandao, tukabandika lile bango la intaneti mlangoni. Wewe ulikuwa kidato cha pili, na kila ukitoka shule ulikuwa hubanduki kwenye kiti cha kona.

Nataka nikuambie kitu ambacho mama hapaswi kumwambia mwanawe, lakini leo ndiyo leo. Nilikuwa nakuonea wivu. Mtaa mzima ulinijua mimi kuwa ndiye mwenye kujua mashine. Watu walikuwa wanaingia wakisema, "Mama Editha, shikamoo, naomba unisaidie." Ikafika siku wanaingia, shikamoo wananipa, halafu wanachungulia nyuma yangu, "Editha yupo?" Nilikuwa nacheka nao. Ndani nilikuwa nasaga meno. Kwa hiyo nikajipa kazi ya kusahihisha Kiswahili kwenye kurasa zako, herufi kubwa na nukta, ili nisikose pa kushika.

Halafu ukakutana na ile lugha yako ya kompyuta, JavaScript, na hiyo mnayoiita maktaba. Miezi miwili hukuongea kingine. Uliniambia kwamba maktaba ni kazi zilizoandikwa tayari na wenzenu wa mbali, ukiibandika kwenye ukurasa wako huna haja ya kuhangaika na kila brauza, ile programu ya kufungulia kurasa, na ubishi wake, unaiambia tu nitafutie kitu fulani, kibadilishe hivi, na inafanya. Nilikuitikia ndiyo, ndiyo. Mama yako alikuwa hajaelewa hata neno moja, na hakutaka kuonekana hajaelewa.

Sasa tuje kwenye ule ukurasa. Mama Mapunda, mwenyekiti wetu wa kwaya, alitaka kwaya zote zitakazokuja kwenye tamasha ziandikishwe kwa kompyuta, jina la kwaya, idadi ya waimbaji, na nyimbo watakazoimba. Ukakubali kuutengeneza ukurasa. Na hapo hapo mdogo wa rafiki yake Mama Mapunda, huyu Bwana Haule mwenye ofisi ya kutengeneza kurasa huko Dar, alikuwa amekuja kumwuguza mama yake. Akasema Jumamosi atakuja ukumbini, kama ukurasa utafanya kazi mbele yake atakuchukua. Ulirudi nyumbani hukula. Ulikaa ukinieleza vile utakavyojibu akikuuliza hiki, akikuuliza kile. Umemaliza kidato cha sita, miaka miwili unasaidia duka la mama, na mlango umefunguka. Nilijua uzito wake, mwanangu. Siwezi kusema sikujua.

Ijumaa uliujaribu ukurasa nami nikiangalia. Ulikuwa na mstari mmoja wa kuandika wimbo. Ukabofya kitufe cha kuongeza, ukaja wa pili, ukabofya tena, ukaja wa tatu. Nikaona mistari mitatu kwa macho yangu. Ukaandika nyimbo tatu, zikapokelewa zote tatu. Umeme ukakatika, tukafunga duka.

Jumamosi asubuhi ulitoka kwenda kuazima waya mrefu wa umeme. Nikasema ngoja nilipitie faili, nisahihishe Kiswahili mara ya mwisho. Nikalifungua lile faili lenyewe la maandishi, nikashuka chini, nikakuta mstari wa wimbo mmoja. Nikatafuta ule wa pili na wa tatu. Hamna. Moyo ukanipasuka. Nikajua umeme ulipokatika jana ulikula mistari miwili, na mtoto wangu anakwenda kuaibika mbele ya mgeni wa Dar.

Mtu mwingine angekusubiri. Mimi nimepiga fomu maisha yangu yote, Editha. Fomu kwangu ni karatasi iliyochorwa mistari yote kabla ya mtu kuigusa, na fomu ya mstari mmoja ni fomu iliyokatwa. Nikaukopi ule mstari mzima, nikapesti chini yake, nikapesti tena, nikayapiga upya maneno yake kwa mtindo wangu. Nikauangalia kwenye brauza, mistari mitatu imepangika sawasawa, mizuri. Nikabofya kuhifadhi, nikaweka kwenye flashi yako. Tena nilifurahi. Nikajiona bado nina kazi duniani.

Wewe ukarudi unahema, ukachomoa flashi, tukaondoka.

Ya ukumbini unayajua, lakini yasome kwa upande wangu. Mama Mapunda alikaa mbele ya kompyuta kwa madaha yake yote, akaandika nyimbo tatu za kwaya yetu, ule wa tatu ametunga mwenyewe. Kabla hajaanza nilikuona umekunja uso, maana mistari mitatu ilikuwa imeshakaa hapo bila mtu kubofya kitu. Ukanigeukia. Uliniangalia mara moja tu, ukarudisha macho mbele. Akabofya. Ukurasa ukamwambia asante, nyimbo zimepokelewa. Tukafungua orodha, wimbo mmoja. Akarudia. Asante, nyimbo zimepokelewa. Wimbo mmoja tena, na ule aliotunga haupo popote. Watu wakaanza kunong'ona. Bwana Haule alikuwa amesimama nyuma amekunja mikono.

Ndipo nikasema. Hakuna aliyeniuliza, nilijitolea mwenyewe. Nilisema, "Nilimwambia ajaribu vizuri kwanza nyumbani. Vijana hawa na haraka zao."

Nilikuwa bado sijajua kosa ni nini. Lakini nilijua kwamba mimi ndiye niliyeigusa ile kazi mara ya mwisho, na nilijua wewe uliijaribu vizuri nikiwa pembeni yako. Hilo lilikuwa kichwani mwangu wakati mdomo unasema. Usikubali mtu akuambie mama alisema bila kufikiri. Nilifikiri haraka sana, nikachagua. Yule meneja wa ushirika angenipa mkono.

Bwana Haule akaaga kwa adabu, akasema atapiga simu, ile simu ambayo kila mtu anajua haipigwi. Wewe ukakunja waya wako polepole, ukaurudisha kwa mwenyewe. Siku mbili ulikuwa unaniamkia, unapika, unahudumia wateja, na hakuna ulichosema. Nilitamani unigombeze nipate pa kuanzia.

Jumatatu mchana nikashindwa. Nikakuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba naulizia bei ya karatasi, ule ukurasa ulikuwa na nini hasa. Ukavuta kiti. Ukaniambia faili ni maandishi tu. Brauza ikilifungua inayasoma, kisha inatengeneza vitu vyake yenyewe ndani ya kompyuta, kisanduku hiki, kitufe hiki, mstari huu, na tunachokiona kwenye kioo ni hivyo vitu. Maktaba hailigusi faili hata kidogo, inavishika vile vitu. Ndiyo maana mstari ukiongezwa kwa kitufe unauona kwenye kioo, lakini ukienda kwenye faili huukuti, faili limebaki na mstari wake mmoja vile vile.

Nilishika ukingo wa meza. Kwa hiyo umeme haukula kitu, hakuna kilichopotea. Nililia kilio cha msiba ambao haukuwapo, na nikazika mtu aliye hai.

Nikajikaza nikakuambia sijaelewa bado, nieleze kwa lugha ya watu. Ukacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ukasema, "Mama, chukua kwaya yenu. Maktaba ni mwalimu wa kwaya." Akisema sauti ya pili wasimame, mnasimama wote wa sauti ya pili, hata mkiwa ishirini, maana mmepewa jina la kundi. Akisema Mama Editha asimame, anasimama mmoja, maana hilo ni jina la mtu, na jina la mtu kwenye ukurasa linatakiwa liwe la mmoja tu. Sasa wakiwepo akina Mama Editha watatu, yeye akimpata wa kwanza hatafuti tena. Wale wawili watakaa mpaka jioni hawajaitwa. Kile kitufe chako kilikuwa kinampa kila mstari mpya jina lake. Ile mistari mitatu ya ukumbini yote ilikuwa na jina moja, kwa hiyo wimbo uliochukuliwa ulikuwa ule wa kwanza kila mara.

Nikauliza, na kama akimwita mtu ambaye hayupo kabisa? Ukasema hapo ndipo wengi wanapoteza siku. Mwalimu huyu halalamiki. Akimwita mtu asimwone, anaendelea na mengine kama kawaida, na ukurasa unakuambia asante.

Kisha ukamalizia kwa sauti ya chini. "Kuna jina lilirudiwa mara tatu, mama. Basi." Ukainuka ukaenda kumtolea kopi mteja.

Hukusema nani alirudia. Mimi nikajidanganya kwamba hujui. Lakini baadaye nililifungua tena faili nikaiona ile kazi yangu imekaa mle, nafasi mbili baada ya kila nukta, vile tulivyofundishwa kwenye taipureta, na neno WIMBO kwa herufi kubwa zote. Hakuna mtu mwingine Mfaranyaki anayeandika hivyo. Ulijua tangu ukumbini, ulipoigeuza shingo ile mara moja. Ulijua, na ulinisikia nikisema ya vijana na haraka zao, na ukakunja waya wako.

Sasa sikia ambayo huyajui. Nilikaa na jambo hili siku sita. Nilisema nitakuambia kesho, nitakuambia Jumapili, nikasema mtoto ameshasahau. Siku ya saba nikasikia kwa Mama Mapunda kwamba Bwana Haule anaondoka keshokutwa. Nikakuambia nakwenda kununua wino. Nikapanda bodaboda mpaka kwa mama yake, nje ya mji, nikawakuta wote wawili wamekaa ukutani wanapukuchua mahindi. Akaniamkia, akanipa kigoda. Mama yake, yule bibi, akanisogezea ungo, nikaanza kupukuchua nao, maana sikujua niweke wapi mikono.

Nikamwambia, baba, ule ukurasa niliuharibu mimi, mtoto hana kosa. Akatabasamu kistaarabu. Nikaona hajaniamini. Akasema, "Mama, nakuelewa. Kila mzazi angefanya hivyo." Alidhani nimekuja kumbebea mwanangu msalaba. Hebu fikiria, siku niliyoukubali ukweli ndiyo siku naonekana mwongo.

Nikakasirika. Unanijua nikikasirika. Nikachukua magunzi matatu nikayapanga chini. Nikamwambia bibi, haya yote matatu yanaitwa wimbo, nipe wimbo. Akanipa la kwanza. Nikalirudisha mahali pake. Nipe wimbo. Akanipa lile lile. Bibi akaniuliza, "Na haya mawili nani atayaita?" Nikamwambia hakuna, bibi, hayo ndiyo niliyoyaongeza mimi asubuhi ile, nikidhani yamepotea. Nikamgeukia Bwana Haule, nikamweleza faili ni nini na kile kilichopo kwenye kioo ni nini, na kwamba maktaba inashika vitu vilivyokwisha kutengenezwa na brauza, na kwamba mimi nilikwenda kutafuta kwenye maandishi mstari ambao haukuwahi kuandikwa. Nikamweleza jina la kundi na jina la mtu. Nikamweleza kwamba jina la mstari wa pili na la wa tatu hayakuwapo, na maktaba isipomwona mtu inanyamaza, na ndiyo maana ukurasa ulituambia asante huku umetupa nyimbo mbili. Niliongea mpaka mate yakaniisha.

Alikuwa ameacha kupukuchua. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa Editha, Jumatatu, kwa muda wa kumtolea mteja mmoja kopi.

Akapangusa mikono, akasema, na haya nimeyashika neno kwa neno: "Mama, vijana wengi wananiandikia kwamba maktaba hii wanaijua. Hajanijia hata mmoja aliyeweza kumweleza mama yake."

Kesho yake alikuja dukani, mbele yako akasema ameufikiria tena ule ukurasa na atakuchukua, na wewe ukadhani ni bahati. Ulinikumbatia, ukasema Mungu mkubwa. Mungu ni mkubwa kweli, lakini siku ile alipitia kwenye magunzi. Bwana Haule nilikuwa nimemwomba asikuambie, nitakuambia mwenyewe. Alikubali kwa sharti kwamba nikuambie kabla hujapanda basi.

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, nilisimama. Wewe ulikuwa umebaki dukani. Nilisema lile nililosema ukumbini lilikuwa uongo, kwamba mistari ile niliiongeza mimi, na kwamba wimbo wa Mama Mapunda niliupoteza mimi. Mwalimu akakohoa. Mtu mmoja wa sauti ya nne akataka kucheka, akakosa wa kucheka naye. Ulishangaa Jumapili kwa nini Mama Mapunda alikushika mikono yote miwili mlangoni mwa kanisa akakuita "mwanangu mvumilivu". Ukaniuliza amekuwaje. Nikakujibu sijui. Unaona, hata nilipokuwa nimeshasafisha kwa wengine, kwako bado nilikuwa nachafua.

Usifikiri nimeandika haya kwa uchungu. Naandika hapa na mabega yamelegea, naona duka ni kubwa kuliko lilivyokuwa asubuhi. Unakwenda. Umepata kazi kwa akili yako mwenyewe, hata mikono yangu haikuweza kuizuia. Usiku wa Jumamosi ile ya ukumbini nilidhani nimekufungia mlango wa maisha, na leo begi lako liko pale limefungwa kamba. Sijui furaha nyingine inayofanana na hii.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua, na si langu, ni lako. Mimi kosa langu nilisema sana. Lako ulinyamaza. Ile maktaba yako ina tabia moja siipendi, kwamba ikikosa inachokitafuta inapita kimya kimya, na mtu anaambiwa asante. Wewe nawe unayo. Ulikosa kwangu kile ambacho mtoto anakitafuta kwa mama yake, ukapita kimya, ukaniambia shikamoo asubuhi yake kama kawaida. Uliona ni heshima. Mimi niliyekuwa upande wa pili wa heshima hiyo nakuambia ilinipa wiki tano za kuendelea kuwa mwongo. Ningekuwa mtu mbaya zaidi, ungenipa maisha mazima. Huko unakokwenda watakuwepo watu wa kunishinda kwa mdomo, na hawatakuwa na sababu ya kupanda bodaboda kwenda kukusafisha.

Nilipoanza barua hii nilipanga kuificha ndani ya begi, chini ya kanga, uikute ukifika Dar, ambako huwezi kunijibu. Nimefika hapa nimeona ni woga ule ule umebadilisha nguo. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo ukishuka kwenye gari la Hanga, kabla hujanawa. Nitakaa kwenye kile kiti cha kona, nimekuelekea, mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Sitakuwa na kazi mkononi wala sitamhudumia mteja.

Ukimaliza usiniambie hamna shida, mama. Usinionee huruma na usinikumbatie kwanza. Ilikuwa wiki tano, na kuna kitu ulitaka kuniambia siku ile ulipokuwa unakunja waya. Kiseme chote, mimi nasikiliza.

Mimi mama yako